Dhamiri Inapokataa Bunduki: la Kufanya Ukiitwa JKT kwa Mujibu wa Sheria, kwa Vijana wa Moshi na Arusha

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita ukimalizika mwezi Mei, hapa Moshi simu huanza kuita kabla vijana hawajafungua hata masanduku waliyorudi nayo kutoka shule. Orodha ya wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria imetoka. Tangazo linataja kambi, siku za kuripoti na vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokoza isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, vyeti, nauli. Kwa wazazi wengi shida ni nauli na hiyo bukta, ambayo watu huitafuta soko la Memorial mpaka jua linazama. Lakini wapo wachache ambao shida yao ni nyingine kabisa. Kati ya mafunzo ya kambini kuna kushika silaha na kulenga shabaha, na ndani yao kuna kitu kinachosema: hili siwezi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nimekaa na vijana wa namna hii na wazazi wao, wengine wakilia. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu wengi hunijia wakiwa wamechelewa, siku tatu kabla ya basi kuondoka, na njia waliyokwisha kuichagua ndiyo mbaya kuliko zote: kujificha kwa shangazi, au kutafuta daktari wa kuwaandikia ugonjwa wasiokuwa nao.

Nianze na ukweli mchungu. Nchi nyingi zina sheria inayomruhusu mtu ambaye dhamiri yake inakataa silaha kulitumikia taifa kwa kazi ya kiraia, kwa muda maalumu, chini ya ofisi isiyo ya jeshi. Huo ndio huitwa utumishi mbadala wa kiraia. Tanzania hatuna sheria hiyo. Hakuna fomu ya kujaza wala dirisha la kupeleka. Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu inasimama juu ya jambo moja ninaloliamini kwa dhati: usiombe kuachiwa, omba kazi nyingine. Iombe mapema, kwa maandishi, kwa maneno yako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua hasa unachokataa

Kabla ya wakili, kabla ya mchungaji, kaa peke yako ujibu swali hili: ni kitu gani hasa ambacho huwezi kukifanya? Swali linaonekana jepesi, lakini hapa ndipo maombi mengi hufia.

Kuna kijana asiyeweza kushika bunduki, ila atalima, atapika, atakimbia mchakamchaka alfajiri na atavaa sare bila taabu. Kuna asiyeweza kuwa chini ya amri ya kijeshi hata kama kazi yenyewe ni kupalilia mahindi. Mashahidi wa Yehova wengi husimama hapo, na duniani kote wao ndio waliofungwa zaidi kwa msimamo huu. Kuna Msabato ambaye silaha inaweza isimsumbue sana, lakini Jumamosi inamsumbua. Ukitoka Upareni, ambako Usabato uliingia mwaka 1903, hilo si jambo geni kwako. Maombi ya watu hawa watatu hayafanani, na barua ya mmoja haimfai mwingine.

Msabato anayeshangaa kama anaweza kutumikia bila silaha ana mfano wa kuutaja: Desmond Doss, Mmarekani wa imani hiyo hiyo, aliyekuwa mhudumu wa tiba jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Hakubeba bunduki hata siku moja. Aliokoa majeruhi kwa makumi kule Okinawa, na mwaka 1945 akapewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake.

Halafu kuna sababu nyingine. Unaogopa adhabu za kambini. Mama anaumwa na wewe ndiye wa kumpikia. Umepata kibarua cha kupandisha wageni mlimani na msimu wa Juni unaanza. Hizi ni sababu za kweli na zinastahili kusikilizwa, ila si dhamiri. Zieleze jinsi zilivyo, kwenye barua yake. Ukizivisha joho la dhamiri utaulizwa maswali mawili tu na joho litaanguka, na kijana mwenye dhamiri kweli atakayekuja nyuma yako hataaminiwa tena.

Huhitaji kuwa mtu wa kanisa au msikiti. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1993, katika maelezo yake namba 22, kwamba pingamizi la dhamiri linaweza kutokana na dini au na imani nyingine ya ndani, na kwamba wanaopinga wasibaguliwe kwa aina ya imani zao.

Hatua ya pili: soma sheria, usisimuliwe

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na sheria yake ikatungwa mwaka 1964. Leo ni Sura ya 193 ya sheria zetu. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kuwa utumishi huo utakuwa wa lazima kwa wasomi, na tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wazee hukitaja kisa hiki kila kijana anapouliza juu ya JKT, kwa hiyo kijue vizuri: wale hawakuwa wapingaji kwa dhamiri. Walilalamikia masharti, hasa makato ya mshahara.

Ila ndani ya kisa hicho kuna jambo ambalo watu hulipita bila kuliona. Utaratibu ule haukuwa kambi mwanzo hadi mwisho. Baada ya kambi, mhitimu alitumikia muda uliobaki, karibu mwaka mmoja na nusu, kazini kwake kama mwalimu au ofisa, akilipwa asilimia 40 ya mshahara. Maana yake taifa hili liliwahi kukubali kwamba kufundisha darasani kunahesabika kuwa kujenga taifa kwa mujibu wa sheria. Likumbuke hilo, utalihitaji kwenye barua.

Utaratibu wa lazima ulisitishwa mwaka 1994 ukarudishwa mwaka 2013, na ndio huu unaokuita leo kwa mafunzo ya miezi mitatu.

Sasa Katiba ya mwaka 1977. Ibara nne zisome mwenyewe, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Ibara ya 25 inakataza kazi ya kulazimishwa, lakini inataja kazi ambazo hazihesabiki kuwa za kulazimishwa, na utumishi wa lazima wa kujenga taifa kwa mujibu wa sheria umo katika orodha hiyo, pamoja na kazi za kawaida za jamii kama msaragambo wetu wa kuzibua mfongo, yaani mfereji wa maji. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kulilinda taifa. Ibara ya 30 inaeleza mipaka ya haki zote hizi, kisha katika ibara ndogo ya tatu inamruhusu mtu anayeona haki yake imevunjwa kufungua shauri Mahakama Kuu.

Zisome zote nne. Vijana wengi huja wamekariri ya 19 peke yake, na wakikutana na afisa anayeijua ya 25 hukosa la kusema. Hoja yako haiwezi kuwa "Katiba inakataza JKT", kwa sababu haikatazi. Hoja yako ni kwamba wito wa kulitumikia taifa unaweza kuitikiwa bila dhamiri kuvunjwa.

Kimataifa, Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976. Ibara ya 18 ya mkataba huo inalinda dhamiri. Mkataba hautaji neno kwa neno haki ya kukataa silaha, lakini kamati inayousimamia imeitambua: mwaka 2006 iliamua kwamba Korea Kusini ilivunja ibara hiyo ilipowahukumu Mashahidi wa Yehova wawili waliokataa jeshi. Tuliridhia pia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1984, na ibara yake ya 8 inataja uhuru wa dhamiri.

Hapa nyumbani kuna uamuzi mmoja wa kuuweka mfukoni. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba Wimbo wa Taifa kwa sababu ya imani yao. Haukuhusu JKT, na usimwambie mtu kwamba ulihusu. Lakini unaonyesha kuwa mahakama yetu ya juu kabisa inaweza kumtazama kijana aliyesimama kimya kwa heshima na isimwite msaliti.

Upande wa pili wa mizani nao uujue. Kutotii wito bila ruhusa kunaweza kukufikisha mahakamani, na cheti cha JKT ni sharti la kuomba kujiunga na Jeshi la Wananchi. Kijana asiyetaka silaha hatajali hilo la pili, lakini mzazi wake atalijali. Bora mlizungumze mapema mezani, msije mkagombana miaka miwili baadaye.

Hatua ya tatu: tazama wenzetu walivyopanga

Kazi hii ni ya jioni moja. Faida yake ni kwamba unapoomba kazi nyingine, lazima ujue kazi nyingine huwa na sura gani.

Ujerumani iliandika kwenye katiba yake ya mwaka 1949 kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kinyume cha dhamiri yake kutumikia vitani kwa silaha. Kuanzia mwaka 1961 mpaka mwaka 2011 vijana wake waliokataa jeshi walifanya kazi katika hospitali, nyumba za wazee na magari ya wagonjwa. Austria humpa mpingaji miezi 9 pale ambapo askari hutumikia 6. Uswisi huzidisha muda mara moja na nusu. Urusi, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004, hutoza miezi 21 pale ambapo askari hutumikia 12, na ombi lisipofika miezi kadhaa kabla ya wito huwa limechelewa. Korea Kusini, baada ya mahakama yake ya katiba kuamua mwaka 2018 kwamba sheria bila utumishi mbadala haifai, ilianza utaratibu mwaka 2020: miezi 36, ndani ya magereza, kazi za jikoni na usafi. Binafsi naona muda huo ni adhabu iliyopewa jina zuri, lakini vijana wanaukubali kwa sababu kabla yake walikuwa wakiingia magereza hayo hayo kama wafungwa.

Kisa cha Armenia ndicho kinachofanana zaidi na hali yetu, kwa maana ya nchi ambayo sheria haikuwepo. Kijana aitwaye Vahan Bayatyan aliandika mapema kwamba hawezi kutumikia jeshini lakini yuko tayari kwa utumishi wa kiraia. Hakukuwa na utaratibu; akafungwa. Tarehe 7 Julai 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa uhuru wake wa dhamiri ulivunjwa, na mwaka 2013 Armenia ikarekebisha sheria yake ya utumishi mbadala. Kilichombeba kijana yule ni ile barua ya mwanzo. Aliomba mzigo mwingine, hakuomba kupumzika, na mahakama ililiona hilo kwa maandishi yake mwenyewe.

Pia usisahau yaliyotokea kaskazini mwa Afrika Mashariki. Eritrea iliwanyima Mashahidi wa Yehova uraia mwaka 1994, na watatu kati yao walikaa kizuizini miaka 26 bila kesi, wakaachiwa Desemba 2020. Nalitaja hili si kwa kutisha mtu. Hapa kwetu mazungumzo bado yanawezekana, na yasipotumika ni hasara.

Hatua ya nne: andika tamko lako

Ukurasa mmoja, miwili ikizidi. Mwandiko wako au kompyuta, vyote sawa. Usinakili barua ya mtu wala usijaze aya za Biblia kama mahubiri. Afisa anayesoma ni Mkristo au Mwislamu kama wewe na anazijua. Anachotaka kujua ni kama wewe, mtu huyu mmoja, unasema kweli. Kweli huonekana kwenye mambo madogo yaliyotokea: siku, mahali, ulichofanya, ulichopoteza kwa kukifanya.

Nakupa mfano nilioutunga kwa ajili ya mwongozo huu. Usiunakili, tazama tu unavyokwenda.

*Kwa Mkuu wa Jeshi la Kujenga Taifa,*
*Makao Makuu ya JKT, Dodoma.*

*YAH: OMBI LA KUTUMIKIA TAIFA KATIKA KAZI ISIYO NA SILAHA*

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita ninayetarajia kuhitimu mwaka huu, mkazi wa Kirua Vunjo, wilaya ya Moshi. Natarajia kuitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Naandika kuomba nitumikie muda wote uliopangwa, bila kupunguziwa siku, katika kazi isiyohusu silaha.*

*Nikiwa kidato cha pili, kijana wa jirani yetu aliuawa katika ugomvi wa mpaka wa kihamba. Wenzangu tulitaka kulipiza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Babu alitukataza, kisha akaenda peke yake kukaa na familia ya aliyeua. Nilimfuata nikaketi nje mlangoni. Niliyoyasikia siku ile yalinifanya niamue kwamba sitashika chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kumuua mtu.*

*Mwaka juzi vijana wa kitongoji walipoanza ulinzi wa usiku wakiwa na mapanga, nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji nikeshe nao nikiwa na tochi na filimbi tu. Alikubali, nikakesha zamu zangu zote. Mwenyekiti ameandika barua ya kuthibitisha, nimeiambatanisha.*

*Siwezi kushika, kubeba, kusafisha wala kufyatua silaha, na siwezi kushiriki kulenga shabaha. Naweza kulima, kujenga, kupika, kufanya usafi wa aina yoyote ikiwemo vyoo, kuhudumia wagonjwa zahanati, na kuwafundisha wenzangu hisabati. Kama itaonekana inafaa nitumikie muda mrefu zaidi ya wengine, niko tayari.*

*Wako mtiifu,*

Angalia mambo matatu. Kwanza, kijana hakujifanya malaika. Amekiri alitaka kulipiza kisasi. Pili, ile habari ya tochi na filimbi ina nguvu kuliko ibara zote nilizotaja, kwa sababu ni utumishi mbadala uliokwisha kutendeka, kijijini, na mwenyekiti aliyeukubali yupo. Wewe nawe tafuta tochi yako. Huenda ulikataa kuchapa kidato cha kwanza ulipokuwa kiranja ukavuliwa ukiranja, au ulihudumia mgonjwa wakati wenzako wako kwenye jambo jingine. Tatu, amesema wazi hata kusafisha silaha hawezi. Kambini utaambiwa: "Basi usipige, isafishe tu." Kama hilo nalo ni gumu kwako, liandike tangu mwanzo. Ukilizusha siku hiyo utaonekana mkaidi anayeongeza masharti.

Kwenye barua unaweza kuongeza aya moja ya hoja. Iweke baada ya maelezo yako, si kabla. Taja ibara ya 19. Taja kwamba utumishi wa miaka ya sitini ulikuwa na sehemu ya kazi za kiraia. Na taja hili, ambalo nimeona linawafanya watu wanyamaze wafikiri: katika matangazo yake JKT huwaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho waripoti kambi ya Ruvu, kule Pwani, kwa kuwa ndiko kuna miundombinu ya kuwahudumia. Jeshi lenyewe limeonyesha kuwa linaweza kuwaita wote na bado likampanga kila mmoja anapoweza kutumikia.

Maneno ya kutoandika: "mauaji", "wauaji", "dhambi ya serikali", na lolote linalomhukumu askari. Unaeleza dhamiri yako, huhukumu ya mwingine.

Hatua ya tano: ifikishe, na ubaki na alama

Wakati mzuri ni Machi au Aprili, kabla ya mtihani. Najua ndio wakati wa mock na usingizi haupo. Lakini barua iliyoandikwa kabla ya orodha kutoka inasema kitu ambacho barua ya baadaye haiwezi kusema.

Ambatanisha barua mbili au tatu za watu wanaokujua: kiongozi wako wa dini kama unaye, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Waambie waandike walichokiona, si sifa tu. "Ni kijana mwenye maadili mema" haisaidii. "Nilikuwepo siku aliyokataa panga akachukua tochi" inasaidia sana.

Kisha apa. Nenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, au kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, uweke maelezo yako katika hati ya kiapo. Ada ya wakili iulize kabla hajaanza kuchapa.

Ya makao makuu itume kwa EMS, huduma ya barua za haraka, pale Posta, risiti uitunze. Nakala nyingine ipeleke kwa mkono ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na umuulizie Mshauri wa Mgambo, afisa wa jeshi anayefanya kazi na wilaya. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikuambia "iache tu mezani", omba kwa upole isainiwe kwenye kitabu cha barua. Kuna mama mmoja kutoka Uru aliacha barua ya mwanawe mezani katika ofisi moja. Aliporudi wiki tatu baadaye hakuna aliyeikumbuka, na hakuwa na nakala. Tulianza upya, na muda ulikuwa umekwisha.

Hatua ya sita: siku ya kuripoti ikifika bila jibu

Inawezekana sana. Hapa njia zinagawanyika, na sitakuamulia.

Kama pingamizi lako ni la silaha peke yake, nenda. Ripoti kwa siku iliyotajwa, iwe Oljoro, Makuyuni au Rwamkoma, ukiwa na bahasha yenye nakala zote. Usisubiri siku ya kugawa bunduki ndipo useme. Siku ya kwanza au ya pili, kupitia kiongozi wa kombania yako, omba kumwona mkuu wa kambi au afisa aliyekaimu. Ingia, simama wima, "Jambo afande," toa bahasha, eleza kwa dakika mbili. Usilizungumzie hilo kwenye paredi mbele ya kuruta mia tatu. Kiongozi yeyote wa jeshi akipingwa hadharani hana budi kukukatalia hadharani, na mlango unaofungwa hivyo ni mgumu kufunguka.

Kambi ina jiko, ina zahanati, ina shamba, ina ujenzi. Mkuu wa kambi mwenye busara anaweza kukupanga huko bila kubadili sheria yoyote. Akikupanga, fanya kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Amka wa kwanza. Anayekuja mwakani na barua kama yako atapimwa kwa kazi yako.

Kama pingamizi lako ni la kuwa chini ya jeshi kabisa, hata sare, basi mwone wakili kabla ya tarehe ya kuripoti, si baada. Mwambie kila kitu. Usikae kimya nyumbani ukidhani utasahaulika, maana asiyeripoti bila neno na asiyeripoti akiwa na kiapo na barua zilizopokelewa ni watu wawili tofauti mbele ya hakimu.

Na kwa hali yoyote ile, usighushi. Cheti cha ugonjwa wa uongo ni kosa la jinai, kinamtia daktari hatiani pamoja nawe, na kinaua ule ukweli wote uliouandika.

Hatua ya saba: ukikataliwa

Anza na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kulalamika huko hakuna ada, na malalamiko unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Wakati huo huo tafuta msaada wa kisheria: tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo ana haki ya kuomba msaada huo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza kwa wasaidizi walio karibu.

Mahakama Kuu ipo hapa Moshi, na ipo Arusha. Shauri la haki za msingi hufunguliwa chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Mwaka 2020 sheria hiyo iliongezewa masharti mawili ambayo mwongozo huu umekuwa ukiyaandaa tangu mwanzo: uonyeshe kwa kiapo jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika, na uonyeshe kwamba ulishazimaliza njia nyingine zilizokuwepo. Hapo ndipo ile risiti ya EMS na ule mhuri vinapogeuka kuwa ushahidi.

Watu wa Arusha huniambia, "Si tuna mahakama ya Afrika hapa hapa, daladala inapita?" Ni kweli, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo, na ninatamani jibu lingekuwa rahisi. Tanzania iliondoa mwishoni mwa mwaka 2019 tamko lililomruhusu mtu binafsi kuishtaki huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya watu binafsi. Nchi mwenyeji wa mahakama, na mwananchi wake hawezi kuingia. Linaniuma kila nikipita barabara ile. Kinachobaki ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo unaweza kuiandikia baada ya kumaliza mahakama za hapa.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika makao makuu ya Jumuiya pale Arusha, bado iko wazi kwa mkazi wa nchi mwanachama, na haidai umalize kwanza mahakama za nyumbani. Lakini ina saa inayokimbia: miezi 2 tangu uamuzi au kitendo unacholalamikia, na hawaongezi. Pia si mahakama ya haki za binadamu moja kwa moja. Wakili itabidi ajenge hoja juu ya ahadi za utawala bora na wa sheria zilizomo kwenye Mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo siku unayopokea barua ya kukataliwa, andika tarehe juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu na uende kwa wakili wiki hiyo hiyo.

Faili lako usilitupe hata kama umemaliza miezi mitatu jikoni na ukarudi na cheti. Lifunge kwenye plastiki, liweke mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni kwa bibi. Nakala moja ya tamko, ukiwa tayari na majina ya watu yakiwa yamefutwa, mwachie msaidizi wa kisheria wa kata yako. Machi ikifika atakuja mwingine.